Matope meusi ya Kunduchi: nitrojeni yake inatoka wapi?

Mwalimu wa Tegeta
Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha baiolojia kidato cha tatu. Mzunguko wa nitrojeni huwa tunaumaliza kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, basi. Sasa mwanafunzi wangu mmoja, kwao ni wavuvi wa Kunduchi, ameniuliza: majani ya bahari yanapata wapi nitrojeni, na kule hakuna kunde wala mtu anayetia mbolea? Naomba mwenye ujuzi anisaidie nimjibu kwa uhakika.

Kijana wa Upanga
Mwalimu, mwambie ni uchafu wa jiji. Mto Msimbazi unamwaga baharini pale daraja la Salenda kila siku.

Bi Mashapo
Mdogo wangu, uchafu unachangia kweli, lakini majani ya bahari yalikuwepo kabla ya jiji.

Mwalimu, mimi ni mtu wa maabara na mashapo ya bahari, yaani tope na mchanga uliotua chini, ndiyo kazi yangu, hivyo niruhusu nirefushe. Nenda Kunduchi maji yakiwa yamekupwa. Chomeka kipande cha bomba la plastiki kwenye tope, ziba juu kwa kiganja, kisha kichomoe. Juu utaona utando wa kahawia, milimita chache tu. Oksijeni inaishia hapo. Chini yake ni tope jeusi tii, linanuka mayai viza. Weusi ule ni salfaidi ya chuma, harufu ni hidrojeni salfaidi, na vyote viwili vinatokana na bakteria wanaopumulia salfeti ya maji chumvi badala ya oksijeni.

Baadhi ya hao ndio wanaokamata nitrojeni, yaani wanaigeuza gesi ya nitrojeni kuwa amonia inayotumiwa na mimea. Kimeng'enya chao, nitrojenesi, huharibiwa na oksijeni. Kunde inalazimika kukijengea kinundu. Ndani ya tope jeusi kinga ipo tayari. Shida ni nishati: molekuli moja ya nitrojeni inakula ATP (molekuli zinazobeba nishati ya seli) zisizopungua 16, na kupumulia salfeti hakulipi sana. Ndiyo maana wengi hujazana kwenye mizizi ya majani ya bahari, inayovujisha sukari. Majani yanatoa sukari, yanapata amonia.

Ushahidi upo. Nitrojenesi hubadilisha pia asetilini, gesi ileile ya wachomeleaji wa gereji, kuwa ethilini, nasi tunaipima ethilini hiyo kujua nitrojenesi inafanya kazi kiasi gani. Ukiongeza sodiamu molibdeti, inayowazuia bakteria wa salfeti, mara nyingi ethilini inashuka sana. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo kizuri kuliko vyote, maana kinakuonyesha mhusika.

Mwalimu wa Tegeta
Ahsante sana dada. Na kwenye kina kirefu, gizani, ambako majani hayaoti?

Bi Mashapo
Hata huko, Mwalimu. Mwaka 2009 Anne Dekas, Rachel Poretsky na Victoria Orphan walichapisha kwenye jarida la Science kazi yao ya tope la bonde la Eel River, nje ya pwani ya California. Walilitilia tope hilo nitrojeni-15, aina nzito kuliko nitrojeni ya kawaida, wakaitafuta ndani ya seli mojamoja. Waliikuta kwa arkea (viumbe vya seli moja, si bakteria) wanaokula methani, na pia kwa bakteria wa salfeti walioshikamana nao: arkea wanaikamata, jirani anagawiwa. Hapo chakula ni methani inayotoka chini ya sakafu ya bahari, si sukari ya mizizi.

Ukimpeleka kijana Kunduchi, bomba liwe la kuonekana ndani, na mlifunge pande zote mbili msije mkauvuruga ule utando wa juu. Mlifungulie nje, si darasani.