Ushauri: insha ya washairi wa Kiromantiki na Napoleon

Mleta uzi: Wakuu, nina insha ya kurasa 8. Hoja yangu: washairi wa Kiromantiki wa Uingereza (wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa 19) walimpenda Napoleon, mtawala wa Ufaransa, mwanzoni, wakaja kumchukia. Nina Wordsworth, Byron na Shelley. Inatosha?

Kalamu Kavu: Washairi wanatosha, hoja ndiyo itakuangusha. Chora safu mbili: kushoto matukio, kulia mashairi, kwa mwaka. Utaona kwamba 1798, Wafaransa walipovamia Uswisi, mshairi mwenzao Coleridge alitoa shairi “France: An Ode” akiuomba Uhuru msamaha, na Napoleon humo hayumo. Walioikatia tamaa Ufaransa ya mapinduzi walianza kabla Napoleon hajatawala. Byron ndiye anayeivuruga hoja yako kabisa. Aprili 1814, Napoleon alipoachia kiti, Byron alimsimanga kwa kukubali kuishi baada ya aibu ile, akamlinganisha na Sulla, dikteta wa Roma ya kale aliyeng’atuka kwa hiari. Miaka miwili baadaye, katika sehemu ya tatu ya shairi lake refu “Childe Harold”, anamwita mkuu kuliko wote ila si mbaya kuliko wote. Chuki imepoa, haijazidi.

Bint Mwalimu: Naongezea mtego wa Shelley. Soneti yake (shairi la mishororo 14) ya 1816 inaanza kwa kumwambia mtawala aliyeanguka kwamba alimchukia, wengi wanaishia hapo. Soma mishororo ya mwisho: adui wa wema anayedumu kuliko nguvu na ulaghai ni mila kongwe, uhalifu wa kisheria na imani yenye damu, yaani wafalme waliorudi Napoleon alipoanguka. Kumpinga Napoleon si kuwashangilia waliomshinda katika vita vya Waterloo, 1815.

Kalamu Kavu: Kweli. Na kwa Wordsworth, angalia toleo. Shairi lake la shukrani la 1816 lilimwambia Mungu kwamba mauaji ya vitani ni binti yake. Byron aliucheka mstari huo katika shairi lake “Don Juan”, na Wordsworth baadaye akauondoa. Ukinukuu toleo la uzeeni mwake, ushahidi wako haupo. Soneti yake kwa Toussaint L’Ouverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti, nayo ilichapishwa Februari 1803, Toussaint akiwa bado hai gerezani Ufaransa. Aliyemfunga, yaani Napoleon, hatajwi, mtaje wewe.

Mleta uzi: Asanteni sana. Mshairi Southey nimwache?

Bint Mwalimu: Mpe aya moja. Tangu 1813 alikuwa mshairi rasmi wa mfalme, kwa hiyo shairi lake la Waterloo lisome ukikumbuka nani anamlipa.