Naombeni ushauri: nataka kuwa msaidizi wa kisheria, nipo Tandahimba, nimeishia kidato cha nne

Binti wa Ghalani:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina miaka 26, kidato cha nne nilipata D tano. Nina genge, na msimu wa korosho nasaidia kuandika mizani kwenye ghala la AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima.

Mwaka jana baba mdogo alifariki. Arobaini haijafika, ukoo umeshagawana mikorosho, mama mdogo na wanawe watatu wakaachiwa miti michache nyuma ya nyumba. Hatukujua pa kuanzia. Akaja mama mmoja, msaidizi wa kisheria, akatuambia tutafute cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, tukafungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Alirudi kwetu mara nne na hakupokea hata nauli. Tangu hapo naitaka kazi ile.

Sasa kwenye kundi la WhatsApp kuna mtu anasema nikituma 250,000 napata cheti ndani ya wiki mbili, masomo kwa simu. Nimeshadunduliza 180,000. Nimalizie nitume?

Mkorosho Mkongwe:
Mwanangu, usitume! Hiyo hela ni jasho la msimu mzima. Muulize mtaala wake umeidhinishwa na nani, uone atakavyokata simu.

Mama Wawili Masasi:
Mdogo wangu, mimi ni msaidizi wa kisheria, nakueleza ninachokiishi. Kazi yetu inasimamiwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huhitaji digrii. Unachohitaji ni mafunzo yanayofuata mtaala ulioidhinishwa, na kufanya kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa kwa Msajili, Wizara ya Katiba na Sheria. Karatasi ya kununua haikufikishi huko.

Nenda halmashauri, ofisi ya Maendeleo ya Jamii. Msajili Msaidizi wa wilaya yuko huko, waulize ni taasisi zipi zimesajiliwa Tandahimba. Kisha ifuate taasisi yenyewe, jitolee, wajue sura yako. Mafunzo yakitokea hawatamwita mtu wasiyemjua.

Ila ujue mapema: mteja hatozwi, sheria imekataza. Na mahakamani husimami kumtetea mtu. Unaelimisha, unapatanisha wanaokubali kupatana, unamwonyesha mtu mlango sahihi. Mlango wenyewe hubadilika, maana tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui tena, na bado watu wanakaa pale wakingoja hukumu. Kwa hiyo genge usilifunge, ndilo litakalokulisha.

Mnachingwea:
Dada, mimi napingana kidogo na Mama Wawili. Kujitolea ni kuzuri, lakini bado una umri wa kusoma. Kwa D nne zisizo za dini unaweza kuomba Astashahada ya Sheria, kisha stashahada. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto wanafundisha. Ukiwa na stashahada unaweza hata kuomba kazi mahakamani. Ila chuo chochote utakachopata, hakikisha kinatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati, kabla ya kutoa hata mia.

Mama Wawili Masasi:
Sipingi, Mnachingwea. Ila Lushoto kutoka huku ni safari, na ada, na chumba. Aanze hapa, akiona moyo bado upo ndipo aende. Nimeona walioacha baada ya kesi ya kwanza ya ubakaji wa mtoto. Hiyo siku hulali.

Binti wa Ghalani:
Ahsanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Yule wa WhatsApp nimemuuliza kuhusu mtaala, ameniondoa kwenye kundi. Moja ya D zangu ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, kwa hiyo zinabaki nne, sivyo? Jumatatu nakwenda halmashauri. Mama Wawili, naomba unieleze nibebe nini: vyeti vya shule pekee, au na barua ya mtendaji wa kijiji?

Mama Wawili Masasi:
Beba vyote, na kitambulisho cha NIDA. Nenda asubuhi, mchana huwa wako vijijini.