Mchicha mwekundu na usanisinuru: rangi ipi inafanya kazi?

mwl_zamu: Wakuu, habari za humu. Nataka kuwaonyesha wanafunzi usanisinuru kwa jani la mchicha mwekundu. Ukilitumbukiza kwenye maji yanayochemka, maji yanakuwa mekundu na jani linabaki kijani. Sasa inayokamata mwanga ni ipi kati ya hizo? Na kwa nini ukiliweka iodini ya kupimia wanga, mara nyingine linabaki kahawia tu badala ya kuwa bluu-nyeusi?

JaniBichi: Ni ya kijani, mkuu. Nyekundu ni betasianini, nayo imeyeyuka kwenye maji ya vakuoli (kifuko cha maji ndani ya seli), nje kabisa ya kloroplasti, yaani sehemu za seli zinazofanya usanisinuru. Maji ya moto yakiharibu utando wa seli, inamwagika. Klorofili, yaani hiyo ya kijani, haiyeyuki kwenye maji na imeshikwa na protini kwenye utando wa thailakoidi (vifuko bapa ndani ya kloroplasti), ndiyo maana inabaki.

Betasianini hunyonya zaidi mwanga wa kijani, karibu nanomita 540, lakini nishati hiyo haina njia ya kuifikia klorofili, inaishia kuwa joto. Faida yake ni kupunguza makali ya jua. Usiiweke kapu moja na karotenoidi, zile rangi za njano na chungwa. Karotenoidi zimo humo humo kwenye thailakoidi, hunyonya mwanga wa bluu, na sehemu ya nishati huipitisha kwa klorofili a, aina kuu ya klorofili.

maabara_ndogo: Kuhusu iodini, kwanza angalia saa ya kuchuma. Jani la alfajiri wanga wake umeshatumika usiku. Chuma saa saba au nane mchana, siku ya jua. Jani la kulinganishia litoke kwenye mche uliokaa gizani saa 48.

Chemsha jani dakika 1 kwenye maji, ZIMA MOTO, kisha liweke kwenye neli yenye ethanoli na uisimamishe ndani ya bika la maji yale ya moto. Ethanoli huchemka nyuzi 78, maji hayo yanatosha. Mvuke wake unashika moto upesi, kwa hiyo asiwepo wa kuiweka juu ya jiko. Jani likishapauka litakuwa gumu na la kukatika. Lirudishe kwenye maji ya moto lilainike, halafu lisuuze kwa maji BARIDI kabla ya iodini. Hapa ndipo wengi hukosea: jani likiwa bado la moto, ile bluu-nyeusi haitokei.

Jambo lingine: mchicha ni mmea wa C4 (kundi la mimea yenye njia ya pekee ya kunasa kaboni dioksidi), wanga wake hukaa zaidi kwenye seli zinazozunguka mishipa. Weusi ukifuata mishipa na katikati kukawa hafifu, jaribio halijaharibika.

mwl_zamu: Shukrani wakuu. Je, rangi zenyewe naweza kuzitenganisha kwenye karatasi ya chujio? Nina asetoni peke yake.

JaniBichi: Asetoni tupu ni ya kutolea rangi kwenye jani, ukiipandisha nayo karatasini itazisukuma zote juu kwa pamoja. Tafuta petroli etha (kiyeyushi cha maabara, si petroli ya gari), changanya sehemu 9 kwa 1 ya asetoni. Twanga jani kwa asetoni kidogo na chembe za kalisi kaboneti za kupunguza asidi, kwa sababu asidi ya seli huing'oa magnesi kwenye klorofili na kuifanya ya kijivu. Chora mstari kwa penseli sm 2 kutoka chini (wino wa kalamu utapanda nao), dondosha tone hapo hapo mara 10 hivi, kila tone likauke kwanza. Kimiminika kiwe chini ya mstari, na chombo kifunikwe.

Juu kabisa itafika karotini ya njano-chungwa, kisha zanthofili ya njano, kisha klorofili a ya kijani-bluu, na chini yake b ya kijani-njano. Ile nyekundu haitatoka mstarini.

mpishi_sayansi: Hiyo habari ya asidi ndiyo inayofanya mboga iliyokamuliwa ndimu ikiwa jikoni igeuke kahawia. Magadi huzuia hilo, ila yakizidi yanaua vitamini C na mboga inakuwa rojorojo.