Mrejesho: bangi, kiharusi na mshtuko wa moyo

Wakuu, niliuliza kama bangi inaweza kumletea kiharusi au mshtuko wa moyo mtu asiyevuta sigara. Ahsanteni kwa majibu, mrejesho ndio huu.

Hatari ipo. Utafiti wa Marekani uliotoka 2024, wa watu wazima zaidi ya 430,000, ulikuta wanaotumia kila siku wana uwezekano uliozidi kwa asilimia 25 wa mshtuko wa moyo na asilimia 42 wa kiharusi. Huo ni uhusiano, haujathibitisha chanzo, lakini kwangu unatosha kuogopesha.

Ukivuta, mapigo ya moyo hupanda ndani ya dakika chache na huweza kubaki juu saa mbili hadi tatu. Moyo unadai oksijeni zaidi wakati uleule kaboni monoksidi ya moshi inaikalia nafasi kwenye damu. Mshipa uliokwisha kuwa mwembamba ndipo unapozidiwa. Bangi ya kula haina moshi, ila inachelewa kushika kwa hadi saa mbili. Mtu anadhani haijashika, anaongeza, dozi zinakutana.

Mdomo ukipinda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kisha hospitali mara moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu saa hiyo uliyoandika. Usimpe aspirini kabla ya kipimo cha kichwa, maana huenda mshipa umepasuka. Na daktari aambiwe kuhusu bangi bila kuficha, hasa kwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda): bangi huweza kuizidisha nguvu, damu ikashindwa kuganda.