Tupeane uzoefu: picha ya ubongo ya mgonjwa wako wa kiharusi ilionyesha nini, na ikaamua nini?

Mwanzisha mada, Dodoma mjini

Wenzangu mliouguza kiharusi, naomba tuelezane kilipigwa kipimo gani na matibabu yakabadilikaje baada ya hapo. Naanza na la kwetu. Baba mdogo, mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa na mgonjwa wa presha wa siku nyingi, aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Jirani, kwa nia njema kabisa, alikwishatoa vidonge vya aspirini, lakini shangazi akakataa asimezeshwe chochote, kwa kuwa alikuwa akipaliwa hata na mate. Tulipofika Dodoma akapigwa CT ya kichwa, yaani picha ya eksirei inayotengenezwa kwa kompyuta, na daktari akatuita tuitazame kwenye kompyuta: ubongo ulikuwa wa kijivu, na ndani yake, upande wa kushoto, kulikuwa na doa jeupe lenye ukubwa wa punje ya zabibu. Ule weupe, alisema, ni damu mbichi iliyovuja baada ya mshipa mdogo kupasuka, kwa hiyo aspirini, ambayo hupunguza damu kuganda, ingemzidishia hatari, na kazi ya kwanza ikawa kushusha presha.

Mchangiaji, Manyoni

Poleni sana, ndugu yangu. Kwetu ilikuwa kinyume: CT ya mama ilitoka safi, ilhali mwenyewe hawezi kutamka hata majina ya wajukuu wake. Kaka zangu wakaanza kunong'onezana kwamba, ikiwa mashine haioni kitu, basi huu si ugonjwa wa hospitali. Daktari akatufafanulia kwamba mshipa ukizibwa na bonge la damu, CT ya saa za mwanzo inaweza isionyeshe badiliko lolote, kwani sehemu iliyokosa damu huchukua muda kabla ya kuonekana nyeusi pichani. Hata hivyo kipimo kilikuwa kimefanya kazi yake, maana kilituhakikishia kwamba hakuna damu iliyovuja. Kilichotuponyoka ni muda. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, nasi tulikuwa tumezimaliza kwa kupelekwa kituo hiki na kile. MRI, kipimo kingine cha picha, ilipopigwa ikaonyesha eneo lililoathirika waziwazi, na mama akaandikiwa aspirini, dawa ile ile ambayo baba yenu aliepushwa nayo.

Mpiga picha za mionzi, Dodoma

Niongeze kidogo kutoka upande wa chumba cha kipimo. Swali letu la kwanza ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Akikutwa na dalili anapoamka, tunahesabu tangu alipokwenda kulala. Mgonjwa wa kwanza alipigwa CT ya kichwa London mwaka 1971, na mbunifu wake, Godfrey Hounsfield, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Kabla ya hapo kulikuwa na njia ya Egas Moniz ya mwaka 1927, ya kuingiza dawa kwenye mishipa ya shingoni na kupiga eksirei, ambayo ilionyesha mishipa lakini ubongo wenyewe haukuonekana. MRI haitumii mionzi bali sumaku kali, ndiyo maana tunawasumbua kuhusu hereni, vyuma vya mifupa na vifaa vya moyo, msituchoke.

Mzazi, Chamwino

Mimi nauguza mtoto wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, na nimejifunza kwamba kiharusi si cha wazee peke yao. Mwanangu hajapatwa nacho, lakini hupimwa kwa altrasaundi ya dopla: kifaa huwekwa kwenye panja, mahali ambapo mfupa wa fuvu ni mwembamba, ili kupima kasi ya damu katika mishipa mikubwa ya ubongo. Mshipa ukisinyaa, damu hupita kwa kasi zaidi, na wastani wa sentimita 200 kwa sekunde au zaidi huhesabiwa kuwa hatari kubwa, hivyo mtoto huanzishiwa utaratibu wa kuongezewa damu. Hakuna sindano wala mionzi, ila lazima mtoto atulie bila kusinzia, jambo ambalo kwa huyu wangu ni kazi kuliko kipimo chenyewe. Kasi yake ilikuwa chini ya kiwango hicho, akaendelea na dawa yake ya selimundu, hidroksiyurea, na ataendelea kupimwa.