Tupeane uzoefu: siku uliposimama na historia yako mbele ya maprofesa

MwanaKatuba (mwanzisha mada)

Jambo yenu wote. Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu wa historia hapa Lubumbashi. Baada ya wiki mbili atasimama kwenye kongamano, dakika 15, mbele ya maprofesa ambao vitabu vyao ndivyo anavyovisomea mitihani. Hali, halali. Jana usiku nimemkuta jikoni anaisomea friji habari za kambi za Union Minière, ile kampuni ya migodi ya shaba ya enzi za wakoloni. Nikamwambia atulie, nitawauliza waliopita njia hiyo. Nawataka waliosimama wakiwa bado wanafunzi wadogo, wenye shahada zenu tatu mtasubiri zamu.

Naanza mimi. Mwaka 2009 kazi yangu ya kumaliza graduat (miaka mitatu ya kwanza ya chuo), ile TFC, ilikuwa juu ya mgomo wa Desemba 1941. Wa hapa mnaijua habari: Ulaya kuna vita, shaba inatakiwa, kazi imeongezwa, bei sokoni zimepanda, mshahara uko palepale. Wafanyakazi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake, alifia pale. Nilikaa wiki nzima na L'Essor du Congo, gazeti la wazungu wa Élisabethville, nikasoma na kazi za wakubwa, nikaandika idadi ya waliokufa kama nilivyoikuta. Nikaridhika, nina tarakimu.

Bibi mzaa baba alikuwa binti wa miaka saba kambini mwaka ule. Nilimwendea nikiwa nimeshamaliza kuandika, kwa adabu tu, asije akasema nimempita. Nilimkuta anachambua sombe, kisamvu. Nikamsomea tarakimu yangu. Akaendelea kuchambua, majani huku, vikonyo kule. Halafu akasema: “Ule mwenye kuhesabu, alihesabia wapi?” Nikajibu pengine hospitali. Akacheka kwa pua. Akaniambia wao, wanawake na watoto, hawakuhesabu hospitali. Walihesabu siku ya posho, chakula kilichogawiwa na kampuni. Kwenye foleni ya posho kila mtu anamjua wa mbele yake na wa nyuma yake. Juma lile mama fulani hakuja na kikapu chake, na fulani hakuja, na yule wa nyumba ya pembeni alikuja akarudishwa, jina la mumewe limeshafutwa. “Haina bongo ile, mwana.” (Kwa wa mbali: bongo kwetu ni uongo.)

Siku ya kongamano bibi sikumweka. Gazeti ni chanzo, bibi ni bibi. Nikasoma karatasi yangu kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, nikamaliza dakika moja kabla ya muda, nikaanza kujisifu moyoni. Profesa mmoja mzee wa mstari wa mbele akavua miwani. Akauliza, idadi hii, aliyehesabu alihesabia wapi? Kwa Kifaransa, lakini ni lile swali la jikoni, neno kwa neno. Nikapotea. Nikajikuta namweleza habari za foleni ya posho, na katikati Kifaransa kikaniacha, nikaingia Kiswahili, mwenyekiti wa kikao ananikodolea macho. Mzee akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: umemrekodi?

Sikuwa nimemrekodi. Jumamosi nikarudi na simu mkononi. Bibi akasema leo jino linamuuma. Juma la pili, ana wageni. Juma la tatu akanitolea: “Ile siku ulikuja kunisomea, haukuja kuniuliza.” Ilinigharimu kilo mbili za sukari na alasiri nzima ya kukaa kimya. Haya, endeleeni.

Tantine Kamalondo

Mimi nilipeleka mpira. Msicheke. Nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye kikao kile na mada yangu ilikuwa timu ya mji: ilivyoanza 1939 kwa mapadre Wabenedikto ikiitwa Saint-Georges, ikaja kuwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, hadi Mazembe tunayoijua. Hoja nilikuwa nayo, nawaapia. Nilitaka kuonyesha kwamba ukifuata majina ya timu unaona nani alikuwa ameushika mji, padre, mwenye kiwanda, kisha sisi wenyewe.

Dakika ya sita nikataja kombe la Afrika la 1967. Fainali na Asante Kotoko ya Ghana sare mara mbili, mechi ya kuamua Kotoko hawakutokea, kombe likawa letu. Nimekosa nini kulitaja! Profesa mmoja akasema hawakuarifiwa. Mwingine akasema waliarifiwa, wakaogopa. Asistanti wa jiografia, ambaye hata hakuwa kwenye ratiba, akasimama kutueleza na kombe la pili la 1968, kana kwamba alicheza yeye. Dakika zangu 9 zikaliwa hivyo na watu wazima wenye tai. Nilipigiwa makofi kuliko wote siku ile, na kwenye ripoti ya kongamano hoja yangu haikupata hata sentensi moja.

Mwambie mdogo wako kile ambacho watu wanakipenda mno akiweke mwisho.

Papa Wa Matairi

Tantine, Kotoko hawakuarifiwa.

Tantine Kamalondo

Toka hapa.

Karani wa Likasi

Yaya MwanaKatuba, umenikumbusha aibu yangu. Mimi niliandika juu ya maboyi, waliofanya kazi majumbani mwa wazungu. Nikautumia ule waraka wa André Yav, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, ulioandikwa 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi. Ni Kiswahili cha mji, hiki chetu cha kwenye taksi-basi, historia ya mji ikisimuliwa na waliokuwa jikoni. Johannes Fabian aliutoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Kwa kuogopa kwamba Kiswahili kitanifanya nionekane sijasoma, nilichukua ile tafsiri ya Kiingereza, nikaitia Kifaransa, nikaibandika kwenye slaidi. Yaani nimetoka Lubumbashi, nimezungukia kwa wazungu, nimerudi Lubumbashi, ili niwaambie watu wa Lubumbashi maneno ya mtu wa Lubumbashi. Mama mmoja, mtumishi wa maktaba wala si mwalimu, akanyoosha mkono: “Na yeye mwenyewe alisemaje?” Ukumbi mzima ukanigeukia. Sikuwa nayo maneno yake pale. Yalikuwa nyumbani, kwenye fotokopi, chini ya kitanda.

Tangu siku ile naweka Kiswahili juu kwa herufi kubwa, Kifaransa chini kwa herufi ndogo. Wakati mwingine wananinunia. Wanune tu.

MwanaKatuba

Karani, uko sawa kabisa. Wazee wetu walisema Union Minière njo baba, njo mama (njo kwetu ni ndiyo). Jaribu kuitia Kifaransa uone ile “njo” inakwenda wapi.

Mzaliwa wa Birere

Kutoka Goma nawasalimu. Mimi nimezaliwa 2003, na mada yangu ilikuwa Goma ya kabla na baada ya Januari 2002, siku volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Niliwauliza wamama wa sokoni kitu kimoja: kabla ya mawe haya, hapa tuliposimama palikuwa nini? Mmoja aliniambia, “Hapa chini yako palikuwa meza yangu ya viatu.” Akapiga mguu chini. Ramani yangu yote niliijenga kwa mguu ule, duka baada ya duka, kila mmoja akimsahihisha jirani yake.

Kongamano lilikuwa Lubumbashi, mwaka 2025, na uwanja wetu wa ndege ulikuwa umefungwa. Nikawasilisha kwa simu. Rafiki yangu aliisimamisha simu yake mezani, ameiegemeza kwenye chupa ya maji. Nilichokuwa nakiona mimi ni dari na nusu ya feni. Nimesema dakika 12 nikiiangalia feni haizunguki, sijui kama wananisikia au nahutubia chupa.

Halafu sauti ikaniuliza: “Mwaka 2002 ni historia hiyo? Mimi nilikuwepo.” Nikakaa kidogo. Nikajibu: “Profesa, mimi sikuwepo. Ndiyo maana nimekuja kuwauliza mliokuwepo.” Nikasikia kicheko, chupa ikaanguka, nikaona viatu. Sikujua alisema nini baada ya hapo, mtandao ulikatika. Hadi leo watu wananihadithia kwa namna tofauti, na wote walikuwa ukumbini.

Kadutu Juu

Bukavu hapa. Kwangu umeme ulizimika slaidi ya pili. Nilikuwa na picha za Costermansville, jina la Bukavu enzi za wakoloni, nimehangaika miezi kuzipata, zote ziko kwenye flashi. Projekta kimya, jenereta ikakataa. Nikapewa chaki. Mimi kuchora sijui, nimechora peninsula kama kidole kilichovimba. Lakini wazee wawili wakaja ubaoni bila kuitwa, wakaanza kubishana njia ya zamani ya kuteremkia ziwani ilipita wapi. Niliwapiga picha na lile bishano nikalinakili lote. Slaidi zangu sijaziangalia tena.

Karatasi, ndugu zangu. Chapisha. Flashi ni mkopo.

SinaJinaLeo

Mimi sitasema chuo, sitasema mji. Nilirekodi wazee kumi na mmoja, wengine kwa kulala kwao, nikila nao bukari, ugali. Nikampa mwalimu wangu sauti zote “azisikilize”. Mwaka uliofuata nikaona kwenye ratiba ya kongamano la nje ya nchi, mada ile ile, wazee wale wale, jina langu hakuna. Nilipomwuliza akaniambia mwanafunzi anajifunza, hamiliki.

Sikuenda kushtaki popote. Lakini kilichoniuma zaidi si jina langu. Ni mzee mmoja aliyenipa habari kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, na kule lilitajwa, na mtaa wake. Sharti lile nilikuwa nalo kichwani, kwenye karatasi halikuwepo. Kwa hiyo mdogo wako akienda kwa wazee, aandike palepale: jina litajwe au lisitajwe, sauti aisikie nani, tarehe gani. Wamsikie akilisoma, waweke sahihi au dole gumba. Na sauti akizitoa, atoe nakala, na barua pepe ya kuonyesha amezitoa lini.

Karani wa Likasi

Pole sana ndugu. Hili lako lingetosha mada yake.

Tantine Kamalondo

Pole. Na yule mzee, ulimrudia?

SinaJinaLeo

Nilimrudia. Nilimwambia ukweli. Alinyamaza, akamwita mjukuu alete kiti. Hatujaongelea tena lakini kila nikipita ananiuliza kama nimekula.

Papa Wa Matairi

Na mavazi je? Mtoto avae koti?

Kadutu Juu

Avae. Ila viatu vipya asithubutu. Mimi nilijibu maswali nimesimama kwa mguu mmoja.

MwanaKatuba

Asanteni wote, nimemsomea kila neno, ya SinaJina nimemsomea mara mbili. Ameamka asubuhi kwenda Katuba kwa mzee mmoja jirani aliyezaliwa kambini, ambaye baba yake alikuwa anafanya kazi chini ya yule mzungu wa kambi waliyemwita Changachanga. Amechukua simu yangu na daftari, na jioni amerudi na karatasi yenye dole gumba la wino wa bluu. Sasa mzee yuko slaidi ya tatu, kwa Kiswahili, herufi kubwa.

Tatizo limebaki moja. Amesoma tena mbele ya friji na mimi nimeshika saa: dakika 23. Anakataa kumkata mzee. Akate wapi?

Karani wa Likasi

Utangulizi. Maprofesa wanajua Union Minière ilianzishwa 1906.