Baba kaambiwa "Zohali, upepo, miaka 19": sayari na asili tano za Wahindi zinaunganaje?

BintiPangani aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada kwa wenye kuzijua nyota za Kihindi. Nyumbani kumezuka mvutano na aliyeuleta ni mimi.

Mwezi wa tatu nilimpeleka baba Chennai kubadilishwa valvu ya moyo. Upasuaji ulikwenda salama, alhamdulillah. Tulikaa wiki tano kwenye nyumba ya wageni tukisubiri daktari aturuhusu kusafiri, na wenye nyumba walikuwa Wahindu wema sana. Jioni moja mwenye nyumba akamleta mnajimu amwangalie baba. Yule bwana akauliza jina na mwaka wa kuzaliwa, akachora mraba wenye vyumba kumi na viwili kwenye karatasi, akajaza vialama vyake. Akasema mzee yuko ndani ya kipindi cha Shani, yaani Zohali, kitadumu miaka 19. Shani ni upepo, na upepo umemzidi mwilini. Tiba yake ni pete ya yakuti samawi. Nililipa rupia 14,000. Nilikuwa nimechoka na nina hofu, nikalipa.

Tuliporudi nikamsimulia shangazi. Aliposikia neno upepo tu, akainuka mkekani: "Si nilisema! Kaka ana upepo, apungwe." Sasa anatafuta fundi, na anataka baba aache kwanza dawa za kuzuia damu kuganda mpaka ngoma iishe. Mjomba, aliyesoma falaki kidogo, anasema Mhindi kakosea kabisa, Zohali ni udongo, haijawahi kuwa upepo.

Nani yuko sahihi? Na hizo sayari tisa za Wahindi zinagawanaje asili tano, yaani moto, maji, udongo, upepo na hiyo ya tano nisiyoijua? Halafu mimi mwenyewe nimezaliwa tarehe 5 Agosti, magazeti yote yananiita Simba, moto. Yule bwana kaniambia mimi ni Kaa, maji. Baba kitambulisho chake kinasema 1/7/1958, ila tarehe hiyo aliandikiwa na karani. Marehemu bibi alikuwa akisema alimzaa Mfunguo Tatu, siku chache kabla ya Idi kubwa.

SistaWaZamu alijibu:

Dada, kabla ya nyota zote: hizo dawa zisiachwe hata siku moja bila daktari kusema. Kama valvu aliyowekewa ni ya chuma, damu ikiganda juu yake anaweza kupata kiharusi au valvu ikakwama. Na hakikisha anakwenda kupimwa damu kila tarehe aliyopangiwa. Mengine endeleeni kujadili, hili lisiguswe.

Abu_Suheli alijibu:

Binti yangu, shika alilosema Sista, kisha nisikilize mimi taratibu maana nina maneno mengi.

Nianze na hilo neno linalowagombanisha. Sisi watu wa pwani tukisema fulani ana upepo, tunamaanisha ana pepo, kuna mwenyewe ndani anayetaka ubani na ngoma yake. Wahindi wakisema *vayu* hawasemi hilo hata kidogo. Vayu ni mwendo: pumzi inayoingia na kutoka, chakula kinavyosukumwa tumboni, kiungo kinavyokunjuka. Mnajimu wao akisema vayu imezidi, anafikiria magoti yanayolia, ngozi kukauka, usingizi wa mang'amung'amu, gesi. Mwambie shangazi yako, kwa heshima zote, kwamba hakuna aliyeonekana ndani ya kaka yake. Tafsiri ndiyo iliyoleta pepo.

Mimi nilifundishwa falaki na babu yangu Lamu, ile ya kujua mwandamo na kibla na misimu. Mwaka 1986 nikaenda Pune kusoma biashara, nikapanga chumba kwa mwalimu mstaafu wa Kisanskriti aliyekuwa akiwaandikia watu wa mtaa wake *janampatri*, hati ya nyota ya mtoto aliyezaliwa. Nilikaa naye miaka minne. Haya nisemayo nimeyatoa kwake.

Jikoni kwake palikuwa na mtungi wa maji, wa udongo, unaotoka jasho kama yetu. Siku moja akaumwaga, akauweka mbele yangu mtupu, akaniuliza umetengenezwa kwa nini. Nikasema udongo. Akasema, na maji ya kuufinyangia, na upepo ulioukausha, na moto uliouchoma. Akanyamaza. Halafu akaingiza mkono mdomoni mwa mtungi mpaka kwenye kiwiko, akauzungusha humo ndani bila kugusa popote, akasema: na hiki. Kile kitupu. Pasipo hicho ungekuwa donge, usingekuwa mtungi. Hicho ndicho *akasha*, asili ya tano. Watu huitafsiri "anga" na msomaji anafikiria mawingu, lakini akasha ni nafasi yenyewe, pale vitu vinapopata pa kukaa. Falaki yetu ya Kiarabu, iliyopokea ya Wayunani, ilizigawa nyota kwa asili nne tu, ndiyo maana mjomba hakuikuta.

Sasa sayari. Usizigawanye tisa kwa tano, haitakubali. Jua na Mwezi wamekaa kando kama mfalme na malkia, ingawa Jua hunasibishwa na moto na Mwezi na maji. Rahu na Ketu ni vivuli, ni zile nukta mbili ambapo njia ya Mwezi inakatana na njia ya Jua, hazina mwili. Zinabaki tano zinazoonekana kwa macho, na kila moja imepewa asili moja. Mirihi moto. Utaridi udongo. Mushtarii akasha. Zuhura maji. Zohali upepo. Zitazame zilivyopangika: ni Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Babu yangu alinifundisha siku na sayari zake kwa mpangilio huo huo, Jumanne ya Mirihi mpaka Jumamosi ya Zohali, na nilipomtajia mwalimu wangu akacheka kwa furaha, kwa sababu juma lile moja lilitufikia sote, kwao na kwetu.

Kwa hiyo mjomba wako na yule Mhindi hakuna aliyekosea, kila mmoja anasoma daftari lake. Kwa Wayunani na Waarabu, Zohali ni baridi na kavu, na baridi na kavu ni udongo. Kwa Wahindi, Zohali ni mzee mwembamba, mkavu, mishipa imemtoka, na ukavu wa namna hiyo wao wanauweka kwa upepo. Usije tu ukachanganya na ya Wachina, nao wana tano ila ni mbao, moto, udongo, chuma na maji, na kwao Zohali ni udongo, Mushtarii ni mbao. Nimeona wengi mtandaoni wanavuruga meza hizi mbili.

Kuna jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika elimu hii. Varahamihira, mnajimu wa karne ya 6, anasema sayari inapoingia katika zamu yake juu ya mtu, asili yake humdhihirikia kwa mlango wa hisi. Udongo kwa pua, maji kwa ulimi, moto kwa macho, upepo kwa ngozi, akasha kwa masikio. Mwalimu wangu aliifuata kauli hiyo kwa dhati. Mtu akija kumuuliza yuko zamu ya nani, kabla ya kufungua karatasi alimuuliza: siku hizi unasumbuliwa na nini, unafurahishwa na nini? Mama mmoja alimwambia anasikia harufu ya mvua kabla haijanyesha, na harufu ya vitabu vya mwanawe, akamwandikia pembeni "Budha", Utaridi. Asili kwao inakupitia kwa zamu, kama zamu ya kuchota maji. Haikai kwako kama kabila.

Sasa nifike kwenye pete yako, maana hapa ndipo nilipoumia. Hizo zamu huhesabiwa jumla miaka 120: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mushtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Miaka 19 aliyokutajia ni ya kweli kitabuni. Lakini zamu ya kwanza ya mtu inajulikana kwa kitu kimoja tu: Mwezi ulikuwa kwenye manzili gani, yaani kituo gani cha njia yake kati ya nyota, saa aliyozaliwa. Manzili zao ni 27, na Mwezi hukaa katika kila moja kama siku moja. Aliyezaliwa Mwezi ukiwa Krittika, zamu yake ya Zohali inaanza akiwa na umri wa kati ya miaka 51 na 57. Aliyezaliwa kesho yake, Mwezi ukiwa Rohini, inaanza kati ya 41 na 51. Siku moja hiyo! Na wewe unaniambia tarehe ya baba aliiandika karani, na yule bwana aliuliza mwaka tu. Basi kwa kanuni za elimu yake mwenyewe hakuwa na cha kuhesabia. Wako wanaosoma kwa saa ya swali, ndiyo, lakini kusoma huko ni kwa jambo unalouliza, hakumwekei mtu zamu ya miaka 19. Na yakuti samawi mwalimu wangu alikuwa haitoi ovyo, alimtaka mtu akae nalo siku kadhaa kwanza, kwa majaribio, kabla ya kulinunua.

Bibi yako Mungu amrehemu alikuwa na kumbukumbu nzuri kuliko karani. Mfunguo Tatu, siku chache kabla ya Idi, ina maana Mwezi ulikuwa haujafika nusu yake au umeifika tu. Mwaka 1958 Idi kubwa ilikuwa mwishoni mwa Juni, 1957 ilikuwa wiki ya pili ya Julai, 1959 katikati ya Juni. Kama mngekuwa na mwaka kwa hakika na tarehe ya mwandamo, manzili tungeikaribia sana. Sisemi mfanye. Kama Waislamu mnajua tunavyoambiwa kuhusu kuwasadiki watabiri. Nakuonyesha tu kwamba hesabu hiyo ina masharti, na uliuziwa bila masharti.

Hansa_MSA alijibu:

Nimezaliwa Mombasa, Mgujarati, na nimefurahi Abu Suheli alivyoeleza kwa heshima. Naongeza la nyumbani.

Bibi yangu mzaa mama, kwetu tunamwita *nani*, alikuwa na mikebe tisa ya bati kwenye rafu, kila graha, yaani sayari, na nafaka yake. Ngano ya Jua. Mchele wa Mwezi. Mbaazi za Mirihi, kwa wekundu. Choroko za Budha, dengu za Guru, yaani Mushtarii, ufuta mweusi wa Shani. Siku ya Jumamosi alichukua konzi ya ufuta mweusi na mafuta kidogo, akampa mtu mwenye shida mlangoni, hakuwahi kumwangalia usoni asije akamwaibisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa tiba yake ya Shani maisha yote, na ufuta ulitoka duka la jirani. Dada, hakuna mtu wa kwetu aliyenifundisha kwamba Shani anatulizwa kwa rupia 14,000. Bibi huyo alisema Shani ni mwalimu wa wale wanaofanya kazi kwa mikono, wapagazi, wafagiaji, na ukitaka aridhike wape hao haki yao.

Na baba akiulizwa tena kuhusu Shani, kuna mambo mawili watu huyachanganya. Zamu ya miaka 19 ni moja. *Sade sati* ni nyingine, miaka 7 na nusu, Zohali anapopita burji (kama Simba au Kaa) iliyo kabla ya Mwezi wako, iliyo na Mwezi, na inayofuata, kila moja miaka miwili na nusu. Hiyo inampata kila mtu, kila baada ya miaka kama 30.

MwlFizikia alijibu:

Mimi siamini kwamba sayari zinatuamulia mambo, nalisema wazi. Ila la Simba na Kaa lina hesabu safi na nafurahi kulieleza.

Magazeti yanaanza kuhesabu burji kutoka mahali Jua lilipo siku ya ikwinoksi ya Machi, siku ambayo usiku na mchana hulingana. Wahindi wanaanza kutoka nyota zenyewe. Zamani, kama miaka 1,700 iliyopita, sehemu hizo mbili zilikuwa pamoja. Lakini mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia inayokaribia kuchoka, nyuzi moja kila miaka 72 hivi, na sasa zimeachana kwa nyuzi kama 24. Kwa hiyo kwao Jua linaingia Simba yapata tarehe 17 Agosti. Wewe wa tarehe 5 bado uko Kaa. Burji zenyewe na asili zao ni zile zile kwa wote: Kondoo, Simba na Mshale moto, Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi udongo, Mapacha, Mizani na Ndoo upepo, Kaa, Nge na Samaki maji. Ukitoka usiku usio na mawingu mwezi wa nane, kabla ya alfajiri, huwezi kuiona nyota yako kwa sababu Jua liko huko huko. Subiri Februari, Kaa itakuwa juu, hafifu sana, kati ya Mapacha na Simba.

BintiPangani aliandika:

Nimewasomea wote sebuleni, baba akiwa amelala kwenye kochi nikidhani hasikii. Sista, dawa hazijaachwa, na Alhamisi tunakwenda kupima damu. Shangazi alinyamaza kwenye lile la tafsiri, kisha akauliza kama kweli Wahindi hawapungi. Sikujua nimjibu nini.

Abu Suheli, baba alifumbua macho ulipofika kwenye Idi. Anasema bibi alikuwa akisimulia kwamba usiku ule alitoka nje kuchota maji peke yake kwa sababu kulikuwa na mwezi wa kutosha kuona njia, na ulizama kabla hajamaliza kujifungua. Huo mwezi ungekuwa wa tarehe ngapi?